Skii za Kwanza: Nunua za Saa Tisa Alasiri

Kila anayetaka kununua skii zake za kwanza, zile mbao mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji, huuliza zipi ni bora. Mimi humrudishia swali: bora saa ngapi? Saa tatu asubuhi, mitambo ikiwa imesawazisha mteremko usiku kucha, karibu skii yoyote ni nzuri. Mapaja bado yana nguvu, njia haina watu, na hata ubao uliochakaa unapiga kona vizuri. Ndiyo saa ambayo wengi hujaribu skii, wakapigwa picha, wakazipenda. Sasa njoo saa tisa alasiri. Katikati ya njia theluji imekwanguliwa hadi kubaki sakafu ngumu yenye mng'ao. Pembeni kuna marundo yaliyosukumwa huko na watu wa kutwa nzima. Jua limejificha nyuma ya mlima, kivuli kimefuta kila tuta, na miguu inatetemeka kwa uchovu. Hapo ndipo skii hujulikana tabia.

Ninayoyasema hapa chini yote yanatoka kwenye msimamo huo. Jozi ya kwanza ni ya kukurudisha chini salama ukiwa umechoka, kwenye theluji mbaya, huku bado unajifunza. Skii za ndoto zipo, zitangoja.

Lakini kabla ya skii, mabuti. Najua hukuja kusoma habari za mabuti, ila ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, nunua mabuti na uendelee kukodi skii. Skii ya kukodi ikiwa mbovu unairudisha mchana ukapewa nyingine. Buti la kukodi limekanyagwa na miguu ya watu wengi hadi kiatu cha ndani kimelegea, na mguu unaocheza ndani ya buti hauwezi kuipa skii amri yoyote. Unainamisha goti, buti linachelewa, skii inachelewa zaidi.

Saizi ya buti la skii ni urefu wa unyayo kwa sentimita: 26.5 maana yake unyayo wa sentimita 26.5. Pima wewe mwenyewe, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, miguu yote miwili, kwa sababu mara nyingi hailingani. Karibu kila mtu atashtuka kuona namba ni ndogo kuliko alivyozoea kwenye viatu vyake vya kawaida. Kipimo ambacho mafundi hukiamini zaidi ni kile cha ganda tupu. Wanatoa kiatu cha ndani, unaingiza mguu kwenye ganda la plastiki mpaka vidole viguse mbele, kisha fundi anatazama nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Sentimita moja na nusu hivi ni sawa. Ikifika tatu, buti hilo ni la mtu mwingine. Ganda la 26.0 na la 26.5 kwa kawaida ni lile lile, kwa hiyo usipoteze saa nzima ukibishana juu ya nusu hiyo. Bishana juu ya upana. Mabuti hutengenezwa kwa upana tofauti sehemu ya mbele ya unyayo, kuanzia milimita 97 au 98 kwa miguu myembamba hadi 103 au 104 kwa mipana, na hapo ndipo maumivu mengi huanzia.

Kuna namba nyingine ya ugumu wa kukunja buti kwenda mbele: 70, 90, 110, 130. Hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote, hivyo 90 ya kampuni moja inaweza kuwa laini kuliko 80 ya nyingine. Usiinunue namba, likunje buti lenyewe. Funga bizimu zote, simama, sukuma ugoko mbele. Vidole vinapaswa kurudi nyuma kidogo, na kisigino kibaki chini. Kumbuka pia kwamba plastiki hukakamaa kwenye baridi. Buti linaloonekana la wastani ndani ya duka lenye joto litakuwa gumu zaidi nje. Kaa nalo dukani nusu saa. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Sasa skii zenyewe.

Karibu kila skii imechapwa namba zake mwilini, kwa kawaida mkiani au karibu na mahali pa mguu. Utaona kitu kama 127-80-109, kisha R yenye mita fulani, kisha urefu. Zile tatu za mwanzo ni upana kwa milimita: ncha, kiuno, mkia. Nikiwa bado nakodi nilikuwa nazipiga picha kila nikibadilishiwa skii, na kando yake naandika neno moja au mawili: zimetulia, zinaning'ang'ania, zimenichosha. Hakuna kitu kilichonisaidia zaidi siku ya kununua. Muuzaji alitaja majina ya kampuni, mimi nikataja namba.

Namba ya kutazama kwanza ni ya katikati, kiuno. Hapa ndipo watu hupotezwa kirahisi, kwa sababu matangazo mengi huonyesha mtu aliyezama kiunoni kwenye theluji ya unga, na theluji ya unga hutaka skii pana. Skii yenye kiuno cha milimita 100 au zaidi huelea; haizami, inapita juu. Hilo ni kweli. Kinachonyamaziwa ni kinachotokea kwenye sakafu ngumu ya alasiri. Unapoilaza skii upande, uzito wako wote hukaa juu ya ukingo mmoja wa chuma. Kadiri kiuno kilivyo kipana, ndivyo ukingo huo ulivyo mbali na katikati ya unyayo, na umbali huo unageuka kuwa mtaimbo unaoisukuma skii irudi bapa. Nani anauzuia mtaimbo huo? Kifundo cha mguu na goti. Asubuhi hulisikii jambo hilo. Saa tisa utalisikia kila kona. Skii pana pia huchukua muda zaidi kuhama kutoka ukingo wa kulia kwenda wa kushoto, na anayejifunza anahitaji muda huo kwa mambo mengine.

Kwa hiyo, kama siku zako nyingi zitakuwa kwenye njia zilizosawazishwa, na kwa anayeanza karibu zote zitakuwa huko, tafuta kiuno cha kati ya milimita 74 na 84. Chini ya 70 unaingia kwenye nchi ya skii za mashindano, ambazo hushika barafu vizuri mno lakini hukasirika ukizipeleka kwenye marundo. Kati ya 85 na 95 ni za mtu anayetoka nje ya njia mara kwa mara. Zangu za kwanza zilikuwa na 80, na siku chache za theluji nene zilizonikuta nikiwa nazo nilifanya kazi kidogo zaidi. Basi. Siku ya theluji nene sana unaweza kukodi skii pana asubuhi ukarudisha jioni, na mabuti ni yako.

R ni nusu kipenyo cha duara ambalo skii ingelichora kwa mchongo wake wa ubavuni. R ya mita 12 inataka kona fupi, na inazitaka muda wote, hata pale wewe unapotaka kupumzika na kwenda moja kwa moja. R ya mita 20 inataka kasi kwanza ndipo ikunjike. Kwa jozi ya kwanza, 13 hadi 16 ni mahali pazuri. Usidhani umefungwa kwenye namba hiyo: ukiilaza skii zaidi, duara hupungua. Skii ya mita 15 ikilazwa nyuzi 45 huchora karibu mita kumi na kidogo.

Mchongo huo wa kiuno una historia inayofaa kujulikana, kwa sababu inaeleza kwa nini ushauri wa urefu unaoupata kwa wazee wa milimani haufai tena. Sondre Norheim wa Morgedal, Telemark, Norwe, alikuwa akitumia skii zilizobanwa katikati katika karne ya 19, na mwaka 1868 alikwenda kushindana Christiania, mji unaoitwa Oslo leo, akawashangaza watu. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja baada yake mchongo ulibaki wa milimita chache tu, na ili upate uthabiti ulihitaji urefu. Mtu mzima wa kawaida alibeba skii za karibu mita mbili. Mwaka 1993 kampuni ya Elan ya Slovenia ilitoa skii iliyoitwa SCX, kazi ya wahandisi Jurij Franko na Pavel Škofic, yenye kiuno kilichochongwa kwa kina kuliko ilivyozoeleka. Ikapiga kona kwa kulazwa tu. Miaka michache baadaye watengenezaji wote walikuwa wamefuata, na skii zilizonyooka zikahamia kwenye kuta za mapambo. Leo wanaume wa Kombe la Dunia la slalomu, mbio za kona fupi fupi kati ya milingoti, hushindana kwa skii ambazo kanuni inazitaka ziwe na angalau sentimita 165, wanawake 155. Ukiona mtu anakwambia ukiinua mkono, ncha ya skii iguse kiganja, mheshimu, kisha endelea na safari yako.

Urefu basi: anayeanza asimamishe skii mbele yake, ncha iwe kati ya kidevu na pua. Aliyekwisha kuzoea njia za wastani anaweza kufika kwenye paji la uso. Lakini hiyo ni nusu ya habari, maana skii haijui wewe ni mrefu kiasi gani. Inajua uzito. Uzito ndio unaoikunja, na skii isiyokunjika haipigi kona. Watu wawili wenye sentimita 175, mmoja wa kilo 60 na mwingine wa kilo 95, hawapaswi kutoka dukani na skii za aina moja. Mwembamba achukue fupi na laini zaidi. Mzito akichukua fupi mno, ncha zitatikisika akiongeza kasi. Ukikwama kati ya urefu mbili, anayependa mwendo wa taratibu achukue fupi, na kama ncha ya skii imeinuliwa sana achukue ndefu.

Kuinuliwa huko ni hivi. Skii ya jadi ukiilaza sakafuni, katikati yake imebinuka juu, ncha na mkia vinagusa chini. Ukisimama juu yake inanyooka na kugandamiza theluji kwa urefu wake wote. Hilo ndilo hukupa mshiko kwenye barafu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtelezaji mashuhuri Shane McConkey alishirikiana na kampuni ya Volant kutengeneza Spatula, skii iliyogeuza kila kitu: katikati chini, ncha na mkia juu, na ubavu usiobanwa katikati, kama za kuteleza majini. Kwenye theluji ya unga ilifanya maajabu, kwenye njia ngumu haikuwa na cha kushika. Skii nyingi za sasa ni mapatano kati ya hizo mbili, yaani mbinuko chini ya mguu na ncha inayoanza kupanda mapema kidogo. Kwa saa tisa alasiri mapatano hayo ni neema, kwa kuwa ncha iliyoinuka hupanda marundo badala ya kuyachimba, huku katikati bado inashika. Bana skii mbili tumbo kwa tumbo uangalie zinaachana wapi. Zikianza kuachana mbele tu, karibu na ncha, ni sawa. Zikiachana karibu na mguu, hizo ni za unga.

Kuhusu zilivyoundwa ndani nitasema machache. Moyo wa mbao ni bora kuliko wa povu, kwa sababu hurudi kwenye umbo lake mwaka baada ya mwaka. Howard Head, mhandisi wa ndege, alianza kuuza skii za tabaka za aluminiamu na mbao mwaka 1950, na hadi leo skii nyingi za bei ya juu zina bati la aloi ya aluminiamu linaloitwa Titanal juu na chini ya mbao. Bati hilo huzima mtikisiko. Pia huongeza uzito na ugumu. Kwa mwepesi anayejifunza, mabati mawili yanayofunika skii nzima ni mzigo asiouhitaji. Kamba ya bati katikati, au pasipo bati kabisa, inatosha.

Na skii za wanawake? Baadhi zimeundwa upya kweli: moyo mwepesi, mahali pa mguu pamesogezwa mbele kidogo. Nyingine ni skii ile ile iliyopakwa rangi nyingine. Linganisha namba na uzito wa zote mbili. Mwanamke wa kilo 80 mwenye miguu yenye nguvu hana sababu ya kupewa skii laini kwa sababu ya jinsia, na mwanamume wa kilo 58 hana sababu ya kuionea haya ile iliyoandikwa ya wanawake.

Sasa tufike kwenye vishikizo, vile vyuma viwili, cha vidoleni na cha kisiginoni, vinavyolishika buti na kuliachia unapoanguka. Watu hununua skii wiki tatu na vishikizo dakika mbili, nami nadhani ingekuwa kinyume. Kazi ya kuliachia buti ni mpya kuliko tunavyofikiri. Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyekuwa akiishi Oregon, Marekani, alivunjika mguu mwaka 1937 na kutokana na ajali hiyo akabuni kishikizo kilichoachia. Kabla ya hapo mguu ulifungwa kwenye ubao, ubao ukijipinda mguu nao ukajipinda. Vishikizo vya kisasa vimepunguza sana kuvunjika kwa ugoko. Goti ni habari nyingine. Kano zake bado zinakatika kwa namna ambazo kishikizo cha kawaida hakizihisi, na muuzaji asikwambie vinginevyo.

Nguvu ya kuachia hupangwa kwa kanuni ya kimataifa, ISO 11088. Fundi anahitaji uzito wako, urefu wako, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na aina yako ya uchezaji. Wenye miaka 50 na zaidi na watoto chini ya 10 hupangiwa nguvu ndogo zaidi. Namba inayotoka ndiyo inayosomwa kwenye kidirisha kidogo mbele na nyuma. Unaponunua, hakikisha namba yako inaangukia katikati ya uwezo wa kishikizo: kama yako ni 5, kishikizo cha 3 hadi 10 kinakufaa, cha 5 hadi 14 kinakuweka ukingoni kabisa mwa uwezo wake. Tazama pia breki, zile waya mbili zinazoshuka buti likiachiwa. Ziwe pana kuliko kiuno cha skii kwa milimita chache. Zikizidi sana zitakwaruza theluji kwenye kona.

Soli nazo zinataka ndoa halali. Buti la zamani la skii lina soli bapa ngumu, linafuata ISO 5355. Mabuti mengi mapya yana soli ya GripWalk, yenye mpira na mkunjo kidogo wa kutembelea, na hayaingii salama kwenye kishikizo kilichotengenezwa kwa soli bapa peke yake. Buti linaweza kubofya na kuonekana limeingia, huku uachiaji wake umeharibika. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuanza na mabuti. Ukishayajua, kishikizo kinachoyafaa kinachagulika chenyewe.

Skii zilizotumika ni njia nzuri, hasa zile zilizostaafishwa na maduka ya kukodisha. Vishikizo vyake hukaa kwenye reli na husogezwa kwa buti la saizi yoyote bila kutoboa upya. Kagua kingo za chuma kwa ukucha, pande zote, ukitafuta mapengo na nyufa. Chuma kilichonolewa hadi kubaki uzi hakina maisha. Geuza utazame uso wa chini: mikwaruzo ya kawaida hujazwa plastiki, shimo linaloonyesha mbao ni jambo jingine, kwa sababu maji yameshaingia. Bonyeza tabaka karibu na ncha na mkia uone kama zinaachana. Hesabu mashimo ya skrubu ya zamani, maana mashimo yaliyokaribiana mno huudhoofisha moyo. Na umuulize fundi swali moja kabla hujalipa: je, vishikizo hivi bado vimo kwenye orodha ya vile ambavyo watengenezaji wanavidhamini? Vikishatoka kwenye orodha hiyo, maduka mengi hukataa hata kuvigusa, na skii uliyoiokota kwa bei ya kutupa itakudai vishikizo vipya.

Siku ya kufungiwa vishikizo kwenye skii, nenda na mabuti yako, si saizi uliyoiandika kwenye simu. Taja uzito wako wa leo. Utaulizwa wewe ni aina ya kwanza, ya pili au ya tatu: mwangalifu, wa wastani, au wa kasi na miteremko mikali. Aibu huwafanya watu wapande daraja hapa mbele ya kaunta, na fundi hana njia ya kujua. Anaandika ulichosema na unatia sahihi. Kwa skii za kwanza sema ya kwanza, au ya pili kama tayari unashuka njia za wastani bila kusimama. Ikionekana buti linaachiwa hovyo, rudi kwa fundi huyo huyo na karatasi yako; ataongeza namba kwa bisibisi, apime tena kwenye mashine, na muda wenyewe haufiki wa kunywa chai.